Kambi ya Kwanza Itetemia

Marekani, ile nguo ya pamba tuliyokuwa tukishona pale barazani Gongoni, haikutoka Marekani. Ilitoka Japani. Kila jora lilikuja na karatasi ya chapa, na chapa yenyewe ilikuwa picha: boma refu jeupe, mapaa yamepandana kama mtu aliyevaa kofia tatu, na chini yake bahari na miti iliyopinda kwa upepo. Nilibandua moja kwa mvuke wa pasi nikaitia mfukoni. Mchana, miguu ikishakufa ganzi kwa kukanyaga cherehani, nilikuwa naitoa naitazama.

"Leo uko wapi?" fundi wangu aliniuliza, uzi mdomoni.

"Nimeshuka pwani, ni Jumamosi. Nakula samaki. Kesho asubuhi napanda bomani, jioni narudi."

"Jumatatu uwe hapa. Kuna kanzu za watu."

Safari zangu za Japani zote zilikuwa za siku mbili, maana ruhusa ndefu kuliko hiyo hata ndotoni sikuthubutu kuiomba.

Nyumbani kwetu Isevya kulikuwa na safari nyingine. Bibi yangu, aliyenilea, alikuwa anaingiwa na ukungu machoni. Jicho la kushoto lilikwisha ziba. La kulia lilififia kama taa inayoishiwa mafuta. Ujanani alitembea na marehemu babu katika njia ya misafara mpaka Ujiji, kando ya ziwa, babu kabeba pembe za ndovu, yeye kabeba chungu na mkeka. Sasa alitaka jambo moja tu: kuliona lile ziwa mara moja tena kabla jicho halijafunga.

"Mume wangu," aliniambia, kama bibi wanavyowaita wajukuu wao wa kiume, "wenzangu waume zao wanawavika kanga. Mimi nataka kutazama maji tu, na sipati."

"Nikikupeleka huko watasema huyu kizee nimemwokota njiani."

"Mwe! Na wewe na miguu hiyo ya kuku, nani atakuokota?"

Basi nikaanza kupanga. Gari moshi linapita Jumamosi jioni. Jumapili asubuhi tuko ziwani. Jioni tunageuza, Jumatatu niko kwenye cherehani. Tena niliambiwa Wadachi, yaani Wajerumani, walijenga huko jumba lao kilimani, linatazama maji. Nikaitoa ile chapa nikacheka peke yangu: pwani na boma, kumbe vyote viko mwisho wa reli yetu. Tajiri wetu, Mwarabu mpole wa papo hapo mjini, alinipa ruhusa bila kunipandishia sauti.

Bibi akatoa sharti. "Msafara haulali mbali siku ya kwanza. Mnatoka mjini, mnalala karibu, ili aliyesahau kisu atume mtu akichukue, na aliyesahau moyo naye ajulikane."

Nilikuwa nimechoka na wiki nzima ya kushona. Nikaona usiku mmoja si neno. Ijumaa duka lilipofungwa mapema nikachukua furushi lake, tukajikokota mpaka Itetemia, nje kidogo ya mji, kwa shangazi yangu. Tulifika bibi akihema, lakini alikula ugali kama msichana, akalala kwenye mkeka wake mwenyewe, maana kitanda cha mwenyeji, alisema, si cha msafiri.

Jumamosi baada ya chakula nikamwambia, "Bibi, twende sasa, tusikose gari."

"Twende."

Tukatoka. Hatukufika hata kwenye uzio wa jirani akasimama.

"Unanipeleka wapi?"

"Stesheni, mjini."

"Mjini ndiko tulikotoka."

"Lakini gari liko huko, bibi."

"Kambini anarudi kijana mmoja kufuata kilichosahauliwa. Mzigo haurudi. Ukirudi na mzigo, safari imekufa." Akaukaza mtandio wake. "Tutalipandia mbele."

"Mama," shangazi akasema kwa upole, "kituo cha mbele ni mbali, na gari halisimami porini."

"Baba yako alikuwa akiinua mkono, msafara mzima unasimama."

Nilimbembeleza. Nikamtania, nikamshika mkono nikauvuta kidogo. Ulikuwa mkavu, mwepesi kama ganda la muwa, nikauachia. Ningeweza kumburuta. Sikuweza. Tukashika njia ya mbele, nikijiambia labda atachoka upesi turudi tuwahi.

Alichoka, lakini si upesi. Jua la kiangazi lilitupiga, vumbi likatujaa kooni. Mwishowe akaketi juu ya furushi lake, akavua kiatu kimoja, cha pili akakiacha. Hapo tukasikia filimbi. Moshi ulipita mbali, nyuma ya miti, ukaenda zake upande wa ziwa.

Kisha bibi akasema, "Ile picha yako unayoinong'oneza usiku. Lete."

Akaisogeza mpaka ikagusa kope za jicho la kulia, akaigeuza huku na huku kwenye mwanga.

"Naona weupe."

"Hilo ni boma. Na huku chini ni maji, ya buluu, yametulia."

"Muongo aliyeyachora. Maji makubwa hayatulii."

Nikaondoka naye mgongoni kurudi nyumbani. Kila asubuhi nilikuwa nikibeba majora kutoka stoo mpaka barazani, na bibi yangu hakufikia uzito wa mawili. Hilo ndilo lililonitia uchungu, kuliko gari.

"Haya sasa, mzigo umerudi," nikamwambia, nikijaribu kumchekesha. "Safari imekufa?"

Akalivuta sikio langu. "Haijafa. Tumefuata tulichosahau."

"Tumesahau nini?"

"Gari."

Nyumbani hakulifungua lile furushi. Likakaa karibu na mlango, na mtu akitaka kulisogeza anafokewa. Ukaja msimu wa watu kuuza mavuno na kununua nguo, ruhusa hakuna. Nilishona mpaka vidole vikawa si vyangu. Mvua zilipoanza bibi aliacha kuniuliza nimevaa shati gani; akawa analipapasa.

Tajiri aliponipa tena siku mbili, sikumwambia bibi. Niliona ni kumdhihaki. Lakini fundi alipita kwetu, mdomo wake haufungiki, na Jumamosi niliporudi nyumbani nilimkuta bibi mlangoni, amekalia furushi, viatu vyote miguuni.

"Bibi, na macho?"

"Macho utabeba wewe, kijana ndiye abebaye. Kambi tulikwisha lala. Nyanyuka."

Tulienda stesheni moja kwa moja. Ndani ya behewa aliniuliza kama picha ninayo, nikasema ninayo. Gari lilipopiga filimbi alikuwa amekwisha lala begani kwangu. Mimi nilikaa macho kadiri nilivyoweza.