Bangili za Bibi na Jumba la Mavazi

Ukwaju ukichemka jikoni, wenzangu humeza mate wakingojea juisi. Mimi hunijia akilini vyombo vya fedha. Masonara wa zamani walichemsha vyombo katika maji ya ukwaju ili weusi wa moto utoke, na harufu hiyo ndiyo iliyotupokea siku lori la ushirika lilipotushusha mjini Singida, wanafunzi wa darasa la nne kutoka upande wa Ilongero, makapi ya alizeti yametuganda mpaka kwenye nyusi. Tangu hapo nimelala katika miji mingi, nimeosha mchanga wa dhahabu Sekenke, nimebeba asali ya Rungwa kichwani. Harufu hiyo ikinikuta popote, ninasimama tena kwenye mlango ule.

Safari ilikuwa ya shule, lakini Bibi, mama yake baba yangu, alikuwa pamoja nasi. Mwalimu Lazaro alikuja nyumbani mwenyewe kumwomba. Alisema nchi imepata uhuru na wazee nao wanapaswa kuona viwanda. Bibi alikubali upesi kuliko tulivyotarajia. Alilipaka vazi lake la ngozi mafuta ya nyonyo mpaka likawa laini kama sikio la ndama, akapanda lori bila kushikwa mkono, akakaa juu ya gunia kana kwamba ni lake.

Mikononi, kutoka kwenye vifundo hadi karibu na viwiko, alikuwa na bangili za waya wa shaba. Mhunzi ndiye aliyemviringia waya huo alipoolewa. Nyumbani kwetu mwanamke mwenye mume hakuvua bangili hizo. Akionekana mikono mitupu, majirani waliuliza mumewe amezikwa lini.

Bibi alisema Kinyaturu tu, kwa hiyo nilikuwa mkalimani wake. Nilikuwa msichana wa miaka kama kumi, na siku hiyo nilijiona waziri.

Mwalimu alipaita kiwanda. Kilikuwa chumba kirefu nyuma ya duka la Mzee Kanti, sonara wa Kihindi aliyevaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Mafundi walikaa chini, mmoja akivuvia makaa, mwingine akigonga sinia kwa nyundo ndogo, tiki tiki tiki, mpaka meno yako yakawasha. Vijiko vilitoka kwenye ukwaju vikiwa vyeupe kama maziwa, kisha vikasuguliwa mpaka ukauona uso wako umepinduka. Nilitaka kugusa kila kitu, na nusura nikiguse. Bibi alipewa kijiko, akakipima mkononi, akaniambia nimuulize mwenye kiwanda kama watu wanaokula kwa kitu kile hushiba. Nilipotafsiri, Mzee Kanti alicheka, akajibu kwamba wanaonunua hawali sana.

Ukutani kulikuwa na mlango wa kuingilia Jumba la Mavazi. Zamani lilikuwa ghala la ngozi, na siku ya joto pua bado zilizikumbuka ngozi zile. Aliyelisimamia alitoka ofisi ya wilaya. Jina lake silikumbuki. Sisi watoto tulimwita Bwana Utamaduni. Upande mmoja alikuwa ametundika magauni, kaptula na koti lenye tai. Upande mwingine alisimama mwanamke wa mbao aliyevalishwa ngozi, na miguuni pake kibao kilichoandikwa MAVAZI YA KALE.

Wenzangu walimtazama mwanamke wa mbao. Wakamtazama Bibi. Wakaanza kusukumana kwa viwiko wakicheka. Masikio yangu yakawaka. Bibi alimzunguka yule wa mbao taratibu, akalifinya vazi lake, akasema aliyekwangua ngozi ile alikuwa na haraka ya kwenda pombeni.

Ndipo Bwana Utamaduni akavuta kiti, akamkaribisha Bibi akae, akamwita Mzee Kanti aje na koleo. Mezani kulikuwa na gauni jipya la maua, limekunjwa vizuri. Nikaona mikono ya yule wa mbao: mitupu. Nikajua Bibi aliletwa kwa nini.

"Mwambie bibi yako," alisema Bwana Utamaduni, "bangili zake zitakaa hapa, wageni wa taifa wazione. Yeye atavaa gauni. Nchi inakwenda mbele."

Nilitafsiri. Bibi aliniuliza kama bwana huyu ana mke. Nikamuuliza, akasema anaye.

"Basi amlete, avuliwe yeye kwanza," Bibi alisema. "Mume wangu nimemwacha akinywa uji. Huyu anataka nimzike leo?"

Hayo nayo niliyatafsiri, neno kwa neno. Bwana Utamaduni alisema hizo ni imani za kale. Mwalimu Lazaro akainama sikioni pangu. Bado nasikia pumzi yake yenye tumbaku.

"Mwambie zinavuliwa kusafishwa tu, atarudishiwa. Unanisikia, mwanangu? Usituaibishe."

Mzee Kanti alikuwa ameshapiga goti mbele ya kiti, koleo mkononi. Bibi alinitazama, akangoja. Mwalimu alikuwa mtu mkubwa kwetu. Akikohoa, tulinyamaza. Nilisema kwa Kinyaturu, kwa sauti ya kufika ukutani, kisha nikarudia kwa Kiswahili ili kila mtu asikie:

"Bibi, Mwalimu anasema nikudanganye kwamba wanazisafisha. Hawazisafishi. Wanazichukua."

Mzee Kanti aliliweka koleo sakafuni. Aliniuliza maana ya kuzivua, nikamweleza. Akanyanyuka kwa shida, akapangusa goti.

"Kwetu mume akifa, bangili za mke zinavunjwa," alimwambia Bwana Utamaduni. "Kama mume yupo hai, mimi sikati. Kata wewe."

Bwana Utamaduni hakulishika koleo. Bibi alisimama, akaliacha gauni mezani, akatoka nje na mikono yake inalia kling kling.

Jumatatu Mwalimu aliniweka mbele ya shule nzima nipige magoti, niombe radhi kwa kusema uongo. Nikamwambia nilisema maneno yake. Akasema asiyeomba radhi asirudi. Sikuomba, sikurudi. Baba alinichapa, Mama alilia.

Miaka mingi baadaye nilirudi nyumbani kutoka Rungwa, nikamkuta Bibi uani akigombana na mnunuzi wa alizeti kutoka mjini. Kiswahili kilimtoka kama maji, hata matusi aliyachagua. Mnunuzi alipoondoka nilimuuliza alijifunza lini.

"Nilipeleka samli kwa Wahindi kabla baba yako hajaota meno," alisema. "Unadhani tulibishana kwa vidole?"

"Basi siku ile ulimsikia Mwalimu. Kwa nini uliningoja mimi?"

"Mikono yangu hakuna ambaye angeigusa," alisema. "Nilitaka kujua nalea mtu gani."

Watu huniambia ningesema lile neno dogo la radhi ningekuwa mwalimu leo, nina pensheni na nyumba ya bati. Huenda. Kwa muda mrefu nilidhani siku ile nilimwokoa Bibi, na shule ndiyo iliyopotea kwa ajili yake. Kumbe aliyekuwa amekalishwa kwenye kiti apimwe nilikuwa mimi. Wakinirudisha leo mbele ya shule ile, na magoti haya yanayouma, bado nitasimama.