Wimbo ukiisha, msumeno unasimama: nilichofundishwa na shemeji yangu kwenye shimo la mbao, Uporoto, miaka ya hamsini

Marahaba wakuu. Najua hamjaniamkia, lakini wengi humu ni umri wa wajukuu zangu, kwa hiyo naitikia mapema.

Hiki ninachoandika kilinitokea mimi mwenyewe, na aibu yake ni yangu. Sina sababu ya kuongeza chumvi.

Juzi nimesoma uzi wa kijana mmoja anajisifu kwamba anakaa kwenye laptop toka alfajiri mpaka macho yanakuwa mekundu, eti ndiyo kupambana. Mwenzake akamshauri atege alarm, apige kazi kidogo kwa nguvu zote, apumzike, arudi tena. Mkamcheka. Mkasema ni mambo ya wazungu.

Mambo ya wazungu? Thubutu! Mimi nilifanyishwa hayo msituni enzi za mkoloni, na Mbena mmoja ambaye hata saa ya mkononi hakuwa nayo.

Twende taratibu, natumia kidole kimoja.

Nilikuwa kijana wa kama miaka kumi na tisa, Mnyakyusa wa upande wa Rungwe, kifua mbele, najiona hakuna mwenye nguvu kama mimi. Kijijini kwetu hapakuwa na shule. Misheni ikatuahidi mwalimu kwa sharti moja: jengo liwe na paa kabla mvua hazijaanza. Kuta za tofali tulishazisimamisha. Bila paa, mwalimu anapelekwa kijiji kingine.

Mdogo wangu Tumpe ndiye aliyenitia wazimu na hiyo shule. Alikuwa anachorachora kwa mkaa kwenye ukuta wa mama, anachapwa, kesho anachora tena. Nikamwapia kwamba mwaka huo atakaa darasani.

Kazi ya kupasua mbao za kenchi, zile za kubeba paa, tukapewa mimi na shemeji yangu Zakaria, aliyemuoa dada yangu Lugano. Zakaria kwao Njombe, na upasuaji wa mbao alijifunza Mufindi huko Iringa. Mpole, mwembamba, maneno yake kwa siku unaweza kuyahesabu.

Kwa msiojua kazi ile: mnachimba shimo refu, gogo mnalilaza juu yake. Mmoja anasimama juu ya gogo, mwingine anashuka shimoni, msumeno mrefu unapanda na kushuka kati yenu. Wa juu anafuata mstari mweusi uliopigwa kwa kamba ya mkaa. Wa chini anavuta, na unga wote wa mbao unamwagikia yeye.

Mimi nilikuwa juu. Niliona ndiyo nafasi ya mwanaume.

Sasa Zakaria alikuwa na utaratibu wake. Anaanzisha wimbo wa kanisani kwa Kibena, beti sita. Tukiwa ndani ya wimbo hakuna kuongea, hakuna kujikuna, ni kazi tu. Wimbo ukiisha msumeno unasimama palepale, hata kama imebaki shubiri moja gogo liishe.

Anapanda, anaenda nyuma ya kichaka na kibuyu chake cha maji, anakaa huko kidogo. Akirudi ananoa meno ya msumeno, tunaangalia mstari, anaanzisha tena.

Mimi roho inaniuma! Naona muda unapotea bure.

"Shemeji," nikamuuliza siku moja, "hivi kwenu Njombe mnapasua mbao au mnafanya ibada?"

"Vyote viwili, shemeji," akacheka, akaendelea kunoa.

Basi akaja mzee wa kanisa na habari. Mchungaji angepita na mwalimu Ijumaa ya wiki inayofuata. Akikuta kuta tupu, wanaendelea na safari yao. Deadline hiyo, kama mnavyosema. Na mawingu juu ya milima yalishaanza kukaa mkao wa mvua.

Nikamwambia Zakaria, "Kuanzia kesho hakuna wimbo. Tunapasua mpaka gogo liishe."

Hapa lazima niwaeleze kitu. Zakaria alikuwa kwenye kazi ya ukweni, na mkwe hashindani na ndugu wa mkewe. Nami nililijua hilo vizuri sana nilipokuwa nafungua mdomo.

"Sawa, shemeji," akasema.

Siku ya kwanza mbao zilikuwa nyingi kuliko siku zote. Nilirudi nyumbani natembea katikati ya njia, watu wanipishe. Siku ya pili tukapata pungufu kidogo, nikasema ni ubaridi.

Siku ya tatu tukaingia kwenye gogo kubwa la mti wa podo, lile refu kuliko yote, la mbao za katikati ya paa. Asubuhi ilienda. Mchana mikono yangu ikawa haisikii kitu. Nikaona msumeno unaacha mstari, kidogo tu, nikasema utarudi. Nikaukunja kwa nguvu ili urudi. Ukatoka zaidi. Nikaendelea, maana kusimama ningekuwa nimekubali.

Ubao ulipodondoka, upande mmoja ulikuwa mnene kama kizingiti, upande mwingine mwembamba hadi unaona mwanga. Na ubao wa jirani yake nao umeharibika vilevile. Gogo zima, basi tena.

Nilikaa chini nikalia, wakuu. Mwanaume mzima.

Wakati huo dada yangu Lugano ndiyo anafika na chakula. Hakuangalia mbao hata kidogo. Alimwangalia mumewe anapanda kutoka shimoni kwa kupapasa ukingo.

"Umemfanya nini mume wangu?"

Ndipo na mimi nikamtazama Zakaria usoni. Macho yalikuwa yamevimba, mekundu, jicho moja limefumba kabisa. Lugano akakimbilia kichakani akaleta kile kibuyu. Kilikuwa kimejaa mpaka mdomoni, hakijaguswa toka asubuhi.

Maji yale hayakuwa ya kunywa. Yalikuwa ya kuosha macho. Kila wimbo ulipoisha alienda kutoa unga wa mbao machoni, na mimi nilikaa juu ya gogo namwita mvivu moyoni.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

Akajibu huku Lugano anammwagia maji. "Ningesema macho yanauma, ungeniona mlegevu. Wimbo ukiisha, hakuna mlegevu. Wote tunapumzika."

Nikampokea Lugano kibuyu, nikaendelea kummwagia mimi.

Alikaa siku mbili amefungwa kitambaa. Zile mbao nyingi nilizojisifia zote zililiwa na siku hizo mbili, tena na gogo juu. Alipopona nikamwambia apande juu, mimi nishuke. Akakataa kidogo, nikashuka kabla hajamaliza kukataa.

Jamani, shimoni! Ubeti wa pili tu nilikuwa nataka kuita mama. Unga unaingia machoni, puani, unashuka shingoni unachanganyika na jasho. Na wimbo nilishaukariri bila kutaka, kwa hiyo najua kabisa umbali uliobaki.

Tukamaliza ubeti wa tatu. Nikajikaza kwa wa nne.

Zakaria akaruka, akaimba wa sita, wa mwisho.

Msumeno ukasimama. Nikapanda, nikachukua kibuyu, nikaenda nyuma ya kichaka. Huko nilikaa zaidi ya ilivyohitajika kuosha macho.

Hakuwahi kulitaja, nami sikuwahi kumuuliza. Kadiri nilivyozoea aliongeza beti, mpaka tukarudi kwenye sita.

Ijumaa ilipofika paa lilikuwa nusu. Mchungaji alizunguka jengo mara mbili. Mwalimu akasema nusu inamtosha kuanzia. Watoto wakabanana upande wenye paa, Tumpe mbele kabisa, mikono bado ina mkaa.

Funzo langu ni hili. Pumziko lisiachwe mpaka mtu aombe, maana anayelihitaji zaidi ndiye mwenye aibu zaidi ya kuomba. Likiwa na wakati wake, hakuna anayevunjiwa heshima. Na wewe boss unayesukuma wenzako, shuka shimoni hata siku moja.

Uzi huu wenyewe nimeuandika kwa siku nne. Natuma maneno machache kwa kidole changu, kisha naweka simu chini na kuimba beti zote sita, maana Zakaria hayupo tena wa kunirukia beti.

Haya, semeni na nyie. Kazini kwenu nani yuko shimoni, na wimbo wenu unaisha saa ngapi?