Fundi wa Meno na Nguzo Saba

Kwa miaka thelathini na minane alitengeneza meno ya bandia, na watu wa mtaani wakamwita Magego. Mwanzoni jina hilo hakulipenda, lakini lilimganda kama nta, mwisho akawa analiitikia. Hakuwa daktari. Daktari alikaa chumba cha mbele na wagonjwa. Yeye alikaa cha nyuma, akipokea vipimo vya vinywa na kuvigeuza kuwa meno. Alijua nani mjini ana pengo na liko wapi, na hakumwambia mtu. Mkewe, mshonaji wa mapazia, alikuwa akisema kwamba kushinda na vinywa vya watu ndiko kulikomfundisha mumewe kufunga chake.

Alipostaafu alikaa nyumbani miezi mitatu. Alirekebisha bawaba za milango yote, akainoa mikasi yote ya mkewe, kisha akaanza kumfuata jikoni kumwonyesha namna bora ya kupanga sufuria. Siku ya pili ya sufuria, mkewe aliweka mwiko chini akamwambia, kwa upole wenye ncha, kwamba jiko lile lina mwenyewe, na mwenyewe hajastaafu.

Wiki hiyohiyo maonyesho yakafika mjini. Yalikuwa maonyesho ya kusafiri, yanayozunguka kwenye makumbusho ya miji midogo kuonyesha majengo na historia yake: jinsi watu walivyojenga kwa udongo, kwa mawe, kwa matofali, hadi kufikia zege. Kulikuwa na picha za zamani, ramani zilizochakaa mikunjoni, vipande vya milango, na mifano midogo ya majengo iliyotengenezwa kwa mbao na plasta. Kila kitu kilisafiri ndani ya makasha yaliyotandikwa sponji. Wakati wa kushusha, kasha moja likaponyoka mikononi mwa wapagazi. Ndani mlikuwa na mfano wa soko la zamani, mrefu kama meza ya kulia chakula. Kati ya nguzo zake arobaini na mbili, saba zilikuwa zimevunjika vipandevipande.

Mtunza makumbusho alikuwa jirani yao, mama wa makamo, na mama yake mzazi alikuwa akila kwa meno ya Magego mwaka wa kumi na moja sasa. Alikuja jioni, akaeleza kisa chote hata kabla ya kuketi. Ufunguzi ulikuwa siku tisa mbele. Aliyeutengeneza mfano ule alikwisha kufa zamani, na mafundi seremala wawili walikuwa wameutazama wakatikisa vichwa.

"Kaka," alisema, "mama bado anavunja mifupa kwa meno yako. Njoo uzione tu hizo nguzo."

Asubuhi yake Magego akaenda. Alimkuta mkuu wa maonyesho ameuinamia mfano kama mtu aliyefiwa. Alikuwa mama mwembamba, msanifu majengo kwa kazi, aliyeacha kuchora nyumba mpya ili azunguke na habari za nyumba kuukuu. Wote pale walimwita Msanifu. Akamwuliza Magego amewahi kutengeneza nini. Magego akasema meno. Msanifu akamgeukia mtunza makumbusho, na yule akajifanya anasoma tangazo ukutani. Magego hakuona vibaya. Aliomba taa, akatoa lenzi yake mfukoni, akaikodolea macho nguzo moja mahali ilipokatikia. Kisha akasema hiyo ni plasta, karibu sawa na ile aliyoishika maisha yake yote, na kwamba nguzo ina urefu wa kidole cha shahada, yaani kwake ni kazi kubwa, maana jino la mbele ni dogo zaidi.

Akaruhusiwa kuchukua vipande, nguzo moja nzima, na picha za soko lenyewe, ambalo bado lilikuwa limesimama katika mji wa mbali. Nyumbani mkewe alihamishia vitambaa vyake kitandani, akamwachia meza ya kukatia bila kunung'unika. Heri plasta mezani, alisema, kuliko mkono kwenye sufuria zake.

Kuzitazama picha kwa lenzi kulimfungua macho. Kwenye soko halisi, vichwa vya nguzo vilichongwa majani, na hakukuwa na viwili vinavyofanana. Kimoja kilikuwa na majani matano, cha jirani yake manne. Kingine jani lake moja lilikuwa limeishia katikati, kana kwamba mchongaji aliitwa kula na hakurudi. Lakini nguzo za mfano zote zilikuwa pacha, zimemwagwa kutoka kalibu moja. Jambo hilo lilimkera. Hakuna kinywa chenye meno yanayolingana kulia na kushoto. Meno yakilingana mno, hata mpita njia hujua ni ya bandia. Basi akazichonga nguzo saba, kila moja kwa picha yake, jani kwa jani. Siku tano zilipita, akapiga mluzi muda wote, na mkewe akagundua kwamba tangu mumewe astaafu hakuwa amewahi kuusikia mluzi huo.

Akazipeleka ndani ya kisanduku cha meno, zimelazwa juu ya pamba. Msanifu alizipanga mezani moja moja, akazitazama hadi Magego akaanza kusikia kiatu kinambana.

"Mzee wangu," akasema hatimaye, "hizi ni nzuri kuliko zilizovunjika. Hapo ndipo penye shida."

"Za kweli ziko hivi," Magego akajibu. "Nimeyahesabu majani."

"Najua. Lakini na huu mfano nao ni mzee, una miaka tisini. Aliyeutengeneza aliamini nguzo zote ni sawa, na kosa lake limekuwa sehemu ya historia. Nikiziweka hizi, nitakuwa ninamsahihisha marehemu, na marehemu hawezi kunijibu."

Magego akaziacha nguzo pale mezani. Alirudi nyumbani kwa njia ndefu, akamsimulia mkewe huku akitazama sakafu. Mkewe alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa, akamwuliza: mtu alipomletea meno yaliyotengenezwa na fundi mwingine, yamepoteza jino moja, alikuwa akimtilia jino analoliona zuri, au jino linaloendana na wenzake? Magego akasema hayo ni mambo mengine kabisa. Mkewe akasema haya, akazirudisha pini mdomoni.

Kabla chakula hakijaiva, Magego alikuwa anakoroga plasta. Alitengeneza kalibu kutokana na ile nguzo nzima, akamwaga saba zilizo pacha, hata mshono mdogo wa kalibu ubavuni akauacha, kwa sababu fundi wa kwanza aliuacha. Akazipaka chai ya rangi iliyokolea hadi zikapata umri. Msanifu alipozipokea alimshika mkono kwa mikono yake miwili, na Magego akaona kwamba kinyongo alichokuja nacho kimemtoka bila kuaga.

Siku ya ufunguzi alikwenda na mkewe. Mfano ulikuwa katikati ya ukumbi, na yeye mwenyewe ilimchukua muda kuzitambua nguzo zake. Watu wengi, hata hivyo, walikuwa wamesongamana ukutani, mbele ya kabati dogo la kioo. Akasogea. Ndani walikuwa wamepanga zile saba za kwanza, kila moja na picha yake, na kadi imeandikwa: "Nguzo za soko zilivyo hasa. Zimechongwa na fundi wa meno wa mji huu." Hakuna aliyemdokeza. Mwashi mmoja alikuwa akishikilia kwamba mchongaji wa lile jani lililoishia katikati alikuwa mvivu. Muuguzi akambishia, akasema huenda alikuwa mgonjwa siku hiyo. Mke wa Magego aliisoma kadi mara mbili.

"Simama wima," akamnong'oneza mumewe. "Watu wanakutazama."

Maonyesho yalipokaribia kuondoka, Msanifu akamwomba asafiri nayo, akague mifano kila makasha yanapofunguliwa. Magego akasema ataulizia nyumbani. Mkewe alisema hapana cha kuulizia, akampangia begi lake, kisha akapanga na la kwake. Mapazia ya kumbi zile, alisema, yanatia aibu, na kuna mtu lazima ayashughulikie.

Huu ni mwaka wa tatu. Wamefika hata kwenye mji wa lile soko, wakatembea humo asubuhi nzima, na Magego akazipapasa nguzo hadi muuza vitunguu akamwuliza kama amekuja kununua au kukagua. Alinunua. Magoti yanamsumbua akipanda ngazi za makumbusho, na mkewe humgojea juu. Wiki hii wameshusha makasha kwenye mji wa mabondeni. Mfano wa kituo cha reli umefika mlango mmoja umelegea, si zaidi. Magego ameomba gundi na saa mbili za utulivu, na amepewa vyote.