Kengele Chini ya Ngazi

Tarishi mstaafu wa posta, anayekaa nyumba ya chini, hugonga mlango wa Bi Tammen mara mbili, kisha hurudi nyuma hatua moja kama aliyebeba kifurushi. Chini ya ngazi, kati ya gunia la viazi na baiskeli yake ya kazi, amejiwekea seva: kompyuta ndogo isiyozidi mkate, inayobeba tovuti yake na barua pepe zake. Ameiunganisha na kengele ya baiskeli. Barua ikiingia, inalia. Lakini tangu Pasaka kila barua aliyoituma yeye imeangukia kwenye barua taka za watu. "Wananiona tapeli," hufoka, "mimi niliyezitembeza barua zao miaka arobaini!" Watu wote wa Leer, mji huu wa kaskazini mwa Ujerumani, hunywa chai vikombe vitatu. Yeye, kwa Bi Tammen, hunywa kimoja, hulaza kijiko ndani yake, ishara ya basi, kisha hushuka kurekebisha seva.

Leo Bi Tammen alifungua simu, akaitafuta barua ya majaribio aliyomtumia.

"Jirani, imeingia mlango wa mbele, si kwenye taka."

"Usinitanie, mama."

"Tazama mwenyewe."

Alitazama. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akatazama tena. Bi Tammen akamjibu papo hapo kwa barua pepe, maneno mawili tu: "Imefika, tarishi." Huko chini kengele ikalia. Siku zote angeshuka mbio. Leo hakuinuka. Alikitoa kijiko kikombeni, akakisogeza kikombe.

"Mimina cha pili, na cha tatu. Barua yako iko nyumbani kwangu, Bi Tammen. Haiendi popote."