Mfuko Ulioanikwa Kati ya Kanga

Hasira niliyopata jioni ile ingechemsha maharage ya jeshi zima. Nilirudi kutoka kazini, maabara ya serikali pale Posta, nikainama kwenye kisima cha uani kwetu Kariakoo, nikakuta uzi mtupu. Mfuko wangu ulikuwa umeanikwa katikati ya kanga mbili, umefuliwa, unang'aa.

Nyuma ya ukuta wetu kulikuwa na bohari la dawa za wadudu, mapipa yanavuja. Mabomba yalikuwa makavu, nyumba nzima ikinywa maji ya kisima. Sumu ikiwa chembe tu, mashine ya maabara haiioni. Lazima ikusanywe kwanza. Unatia kimiminika cha kuyeyushia mafuta ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki, unaufunga, unauzamisha. Sumu inapenya ngozi ya mfuko na kunasa ndani. Maji na matope yanabaki nje. Inachukua siku saba. Hiyo ilikuwa ya sita, na mkuu wangu alisema mfuko ule ni wa mwisho nchini.

"Nani kagusa mfuko wangu?"

"Mimi," alijibu mama mwenye nyumba, akipepeta mchele. "Mfuko mzima unautosa kisimani, mwanangu, na mjini mifuko haipatikani? Tena umetia mafuta ya taa. Nimeyamwaga, nimeufua mara tatu. Nataka kugandishia barafu."

"Mama, umemwaga kazi ya serikali."

"Serikali ingeniambia, basi. Wewe ulisema unapima kina."

Kweli nilisema hivyo. Mkuu alinikataza kusema, eti watu wasitiwe hofu kabla ya majibu. Na mimi, msomi wa shule ya usiku, nikatii. Wapangaji wenzangu walichota, mimi nilikunywa maji ya kazini. Hasira ikamwacha mama, ikahamia kwa mkuu, na kubwa zaidi ikanirudia mwenyewe.

Nikamweleza mama yote. Alifungua kamba ya ndoo, akaiviringisha, akaifungia sandukuni. Wapangaji walipolalamika akawaambia, "Mwenye kiu akapange foleni Msimbazi."

Kesho yake nilimwambia mkuu, "Ndugu, nimesema." Alifoka mpaka chupa zikalia. Nikafoka zaidi, mpaka akafungua kabati lake na kunitupia mfuko mwingine. Ulikuwa kwenye bunda zima.

Safari hii mama aliuzamisha mwenyewe, akakaa juu ya kifuniko cha kisima siku saba, kula na kulala. Mashine ya maabara ilichora mlima wa sumu ambao Kilimanjaro ungeuonea haya. Ile kamba haikutoka sandukuni tena.