Mzee Pantaleo Amepumzika

Candida anauza sufuria Kariakoo, upande wa Mtaa wa Kongo, na kabla hujauliza: hapana, hapunguzi. Alikuja Bongo kutoka Kibosho, Uchagani, akiwa bibi harusi, akamzika mume mapema, akamsomesha binti yake Jacqueline mpaka chuo kikuu, wakati yeye mwenyewe aliishia darasa la saba. Sauti amejaliwa. Akinadi mfuniko, aliyeko Msimbazi anageuka.

Ila ukimwondoa Mungu na Jacqueline, kitu anachokipenda Candida kuliko vyote ni blogu.

Ndiyo, blogu. Jacqueline alimfungulia kwenye simu alipokuja likizo, wakaipa jina Habari za Jumuiya ya Mtakatifu Ritha, kwa maana ya ile jumuiya yao ya sala kule Magomeni. Tangu hapo Candida anaandika kati ya mteja na mteja: nani kabatizwa, nani kalazwa, nani alileta wali mbichi kwenye sherehe ya mtakatifu somo wa jumuiya. Hilo la wali alilifuta baada ya kuungama. Dukani kila sentensi yake hukatizwa na mtu anayeomba apunguziwe. Kwenye blogu anaanza neno na kulimaliza.

Tatizo ni kwamba hakuna aliyekuwa anasoma.

Jumamosi moja baada ya sala, katibu Benedict alisimama. Benedict anafanya kazi ofisini Posta, na husema "kimsingi" hata akiomba chumvi.

"Kimsingi, blogu haisomwi," alisema. "Maandishi matupu, kama kile kikaratasi cha ndani ya boksi la dawa. Mama Jacky, weka picha. Jumamosi ijayo kama bado haisomwi, tunaifunga, tubaki na grupu la WhatsApp."

"Sawa, katibu," Candida akajibu kwa upole, na njia nzima akawa anamwombea katibu baraka huku ameuma meno. Wakiifunga, atabaki mama wa sufuria basi.

Bahati ilikuwa upande wake. Siku hiyohiyo Mzee Pantaleo, mwenyekiti wao wa tangu enzi, alikuwa ameachia uenyekiti kwa sababu ya magoti. Habari kubwa! Na picha yake ilikuwepo simuni, ya harusini, ameshika paja la mbuzi kama kipaza sauti. Jumatatu asubuhi dukani, Candida akamkata mbuzi, akabakiza uso. Koti la zambarau juu ya shati la kijani likampa taabu, akaifanya picha nyeusi na nyeupe ili mzee apate heshima. Kisha simu ikamletea fremu za kuchagua. Kulikuwa na ya mioyo, akaona aibu, yule ni mume wa mtu. Kulikuwa na ya mpira, lakini rangi zile zilikuwa za watu wa Jangwani, watani wa timu yake, na mzee angeweza kurudi kwenye uenyekiti kwa hasira. Ikabaki ya maua meupe na mshumaa. Mshumaa, si ndiyo mwanga wa Kristo? Akaiweka. Juu yake akaandika kichwa cha habari: "Mzee wetu mpendwa Pantaleo amepumzika kazi ya uenyekiti wa jumuiya aliyoifanya kwa upendo."

Akarusha linki ya habari kwenye grupu, akatia simu kwenye mkoba, maana lori la sufuria lilikuwa limefika.

Alipoitoa tena, ilikuwa inatetemeka kama ina homa. Ujumbe juu ya ujumbe. "Pumzika kwa amani, Mzee Pantaleo." "Jamani, Jumamosi tu alikuwa mzima!" Angelina, jirani yake wa Magomeni, ameandika: "Turubai limeshafika nyumbani kwake. Akina mama njooni na vyombo."

Candida akakaa chini ghafla, juu ya makarai.

"Mungu wangu! Na nimetoka kumwandika asubuhi hii!" akalia. "Habari yangu hata hajaisoma!"

Akafunga duka, akajitanda kanga, akachukua sufuria kubwa kuliko zote, kwa sababu msiba wa Wachaga haupikiwi kwenye kikombe. Getini kwa marehemu akaanza kilio kile cha kwao, chenye kupanda na kushuka, sufuria kichwani. Akaingia nacho mpaka katikati ya uwanja, akashangaa kusikia analia peke yake.

Chini ya turubai, kwenye kiti cha mbele, Mzee Pantaleo alikuwa amevaa miwani, anasoma simu.

Candida akaidaka sufuria isianguke. "Shi... shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Jacky. Karibu. Naona umenitangaza, sasa umekuja kunipika."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Angelina akacheka mpaka akakaa kwenye mchanga. Benedict peke yake hakucheka. Alikuwa kwenye suti nyeusi, na kazini ameomba ruhusa ya msiba. Akamwonyesha Candida simu: kwenye grupu kilionekana kisanduku kidogo, uso wa mzee, maua, mshumaa, na chini yake, "Mzee wetu mpendwa Pantaleo amepumzika..." Maneno mengine yote yalikuwa yamekatwa.

"Kimsingi," akasema Benedict, "ni fedheha. Napendekeza blogu ifungwe leo, tusingoje Jumamosi."

Candida akaitua sufuria.

"Ngoja kwanza, katibu," akasema Mzee Pantaleo. "Nasoma rambirambi zangu. Huyu Onesphory anasema, 'Mungu amlaze pema, ila viti vya plastiki vya jumuiya viko kwake.' Haya. Na huyu hapa: 'Alikuwa baba yangu wa kiroho, nilichota hekima kwake.' Benedict, si ni wewe? Jumamosi uliniambia nachelewesha maendeleo!"

Benedict akarekebisha tai.

"Watu wamesoma au hawajasoma?" mzee akauliza.

"Wamesoma kichwa tu, mzee."

"Mimi nimesoma yote. Ameandika vizuri kuliko mlivyoniaga nyinyi. Na dada yangu wa Rombo amenipigia, analia. Yule hakuwa amenipigia tangu tugombanie migomba ya baba. Nilipoitika alinitukana sana, tukaongea mpaka salio likamwishia." Akavua miwani, akaifuta taratibu kwa pindo la shati. "Haifungwi. Mwenye neno aje anizike kwanza."

Kwa kuwa mchele ulishaletwa na moto ulishawaka, wakapika.

"Sasa toa huo mshumaa," mzee akamwambia Candida. "Nipige nyingine. Na koti langu lionekane rangi."

Candida akampiga na zambarau yake yote, sahani mapajani. Akafikiria kichwa cha habari, akahesabu nafasi, akaandika maneno mawili tu yasiyokatika: "Pantaleo mzima." Kisha akataka kuifuta ile ya asubuhi na rambirambi zake zote.

Mzee akamshika mkono.

"Picha futa," akasema kwa sauti ya chini. "Maneno ya watu niachie."