Chakula cha Mtoto wa Kitabuni

Mwalimu wa darasa la wadogo pale shuleni kwetu tulimwita Bi Shwari. Ukimwambia paa linavuja, atasema sawa. Ukimwambia mtoto amejitapikia, atasema sawa na kwenda kuchukua ndoo. Alipofiwa na mumewe na kurudi kazini, nilimkumbatia mlangoni nikaangua kilio. Aliningoja nimalize, kisha akauliza kama chaki zimeletwa. Siku ile nilimkasirikia sana. Mfiwa ni yeye, anayepangusa kamasi ni mimi!

Darasa lake na langu lilitenganishwa na kipande cha plaiwudi kisichofika darini. Kila alichosema nilikisikia, na kila nilichosema mimi alikisikia yeye na nusu ya mtaa. Mimi wananiita Redio, na sijawahi kukana.

Mwaka huo Mwalimu Mkuu alituletea boksi la vitabu vya picha, msaada kutoka kwa watu wema. Kimoja kilikuwa cha kuwafundisha watoto wadogo habari za njaa, wajue kwamba wapo wenzao wanaolala bila kula, wajifunze huruma. Kilikuwa na maneno machache na picha kubwa. Ukurasa wa kwanza mtoto amekaa na sahani tupu. Wa pili ameshika tumbo. Wa tatu analia, machozi makubwa ya buluu yanadondokea kwenye sahani. Mwishoni majirani wanakuja, kila mmoja na alichojaliwa, na mtoto anacheka.

Mimi ningekisoma kwa mbwembwe zote, mpaka watoto waombe maji. Bi Shwari alikisoma kama anaita mahudhurio. Alipofika kwenye machozi aliweka kidole juu ya picha.

"Huyu ana njaa. Mwenye njaa analia. Tumeelewa?"

"Tumeelewaaa!"

Akafungua ukurasa mwingine.

Cha ajabu, watoto walikipenda kitabu hicho kuliko vyote. Walimpa yule mtoto jina, wakamwita Mdogo Wetu. Siku moja mmoja wao akauliza kwa nini majirani wa kitabuni wampe chakula na wao wasimpe. Bi Shwari akafikiri kidogo, akasema sawa. Kesho yake aliweka sahani ya bati kwenye rafu, mbele ya kitabu kilichofunguliwa. Saa ya kula kila mtoto akawa anakwenda kumwekea Mdogo Wetu chochote: ukoko wa mkate, nusu ya ndizi, biskuti iliyokwisha kulambwa upande mmoja. Wakitoka kucheza, Bi Shwari huichukua sahani na kuwamwagia kuku wa mlinzi nyuma ya jengo. Wakirudi wanaikuta tupu.

"Kala! Kala vyote!" Wanaruka, wanapiga makofi.

Kuku wakanenepa kuliko mlinzi mwenyewe, naye akaanza kutuamkia kwa heshima tusiyoizoea.

"Mwenzangu, unawadanganya watoto wa watu," nilimwambia Bi Shwari siku moja.

"Wanajifunza kutoa."

Na ni kweli walikuwa wanajifunza.

Katika darasa hilo alikuwemo binti mmoja tuliyemwita Sweta, kwa kuwa sweta yake hakuivua hata jua liwake vipi. Hakuomba kitu, hakupigana, hakukimbia. Wakati wa hadithi alikuwa anasinzia ameketi wima. Tulimsifu, tukasema huyu kalelewa, na Bi Shwari akamkalisha mbele ili wenzake wamuige. Saa ya kula alifungua kikopo chake cha plastiki, mfuniko akiuelekeza kwa wenzake, akainamia ndani na kutafuna. Zamu yake ya kumpa Mdogo Wetu ikifika, alipitisha mkono juu ya sahani na kurudi kukaa. Watoto wa umri ule hawakaguani.

Siku mambo yalipoharibika, manyunyu yalianza watoto wakiwa nje, wakarudi ndani kabla ya wakati. Nikasikia mayowe upande wa pili.

"Mwizi! Mwizi! Sweta kala chakula cha Mdogo Wetu!"

Nililiacha darasa langu nikakimbilia huko. Sweta alikuwa kasimama kando ya rafu, sahani kaikumbatia, mashavu yamejaa. Wenzake wamemzunguka, wanamnyooshea vidole. Kabinti kamoja kalikuwa kanalia kwa uchungu kabisa, "Sasa Mdogo Wetu atakula nini?" Nilisimama pale nikiona darasa zima linamlilia mtoto wa karatasi na kumzomea mwenzao wa damu na nyama. Sweta mwenyewe hakulia. Alikuwa anatafuna upesi upesi.

Bi Shwari alikiendea kikopo cha Sweta, akakifungua. Kilikuwa kikavu, kisafi, hakina hata chembe. Akakifunga.

"Huyu si mwizi," akasema.

Nani alimsikiliza? Hadi jioni mtaa mzima ulikuwa na habari, kwamba mtoto wa dobi anaiba vya wenzake shuleni. Mdomo wa mtoto hauna breki, na wa mzazi wake ndio hauna kabisa.

Asubuhi mama yake Sweta akaja. Alikuwa akifua nguo kwenye nyumba za watu, na vidole vyake vilikuwa vimechubuka kwa sabuni. Alikuwa kamshika mtoto mkono, na mfuko mtupu begani.

"Mama, karibu kiti," nikamwambia.

"Sikai, mwalimu. Nimekuja kuchukua vitu vya mwanangu. Sisi ni maskini, lakini wezi hatuzai."

"Si mwizi," Bi Shwari akasema. "Chakula kile mimi nilikuwa nawapa kuku."

"Kuku?"

"Kuku."

Natamani ungeniona. Mtu mwingine angezunguka, angetafuta neno la kupoza. Yeye kaliweka mezani hivyo hivyo, na mimi nikawa natafuta pa kuficha uso.

Yule mama akauachia mkono wa mtoto. Akatueleza kwamba nyumba alizokuwa akifua wamenunua mashine. Kwamba kikopo kitupu alimpa mtoto makusudi, akamfundisha kukiinamia, wenzake wasijue. Jioni hawakosi kupata kidogo. Wazee walisema funika kombe mwanaharamu apite, ila hawakusema mtoto ale nini wakati mwanaharamu anapita.

Halafu akamgeukia binti yake kwa ukali uliojaa maumivu.

"Na wewe! Kila jioni nakuuliza, leo ulisikia njaa? Unanijibu hapana. Ungeniambia imekuzidi ningekwenda hata kuomba kwa watu! Kwa nini ulikuwa unanificha?"

"Sikukuficha, mama. Sikuwa na njaa."

"Hukuwa na njaa na ulikula vya watu?"

"Mwenye njaa analia," Sweta akasema. "Mwalimu alituonyesha kwenye kitabu. Mimi silii. Mimi nasikia usingizi tu."

Alilisema kwa sauti ya mtoto aliyeulizwa swali na ana hakika kapata. Hata akamtazama Bi Shwari, asikie kama atapigiwa makofi.

Mama yake aliketi hatimaye, kwenye kiti kimojawapo cha watoto, magoti yakamfika kidevuni.

Bi Shwari alichuchumaa mbele ya Sweta. "Umejibu kama nilivyokufundisha, mwanangu. Nilikufundisha vibaya."

Kisha akazungumza na mama, na miaka yote ya kukaa naye sikuwahi kumsikia akisema maneno hayo.

"Mimi nililelewa kwa shangazi, na tulikuwa wengi. Siku za kwanza tumbo linauma, unalia. Likikosa kwa muda mrefu linanyamaza. Na mengine yote yananyamaza pamoja nalo. Tangu nikiwa kama huyu sijalia. Mume wangu wanamshusha kaburini, mimi nawaza chaki. Nilikuwa nalijua hili. Nikawasomea machozi kwa sababu ndiyo yaliyochorwa."

Wanasema aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Methali hiyo ilinifaa mimi niliyekulia kwenye nyumba yenye chakula. Yeye hakuwa na pa kujifichia.

"Mwache abaki," akamwambia mama. "Kuanzia leo vyakula vyote vinakwenda kwenye sinia moja, wanakula pamoja. Kikopo cha nani kimekuja na nini, hakuna atakayejua. Na hao wengine nitawaambia leo hii kwamba mtoto wa kitabuni hali, na chakula chao nilikuwa namwaga mimi."

"Watakuchukia," nikasema.

"Wanichukie."

Yule mama akautoa ule mfuko begani, akaukunja mdogo kabisa na kuutia mfukoni mwa gauni.

Nilikuwa nimeshaanza kulia, kama kawaida yangu. Nikamwangalia Bi Shwari usoni nione kama na yeye, angalau jicho moja, litalowa. Halikulowa. Alivuta droo akatoa yai la kuchemsha, chakula chake cha mchana, akaligonga kwenye ukingo wa meza, akalimenya taratibu mpaka ile ngozi nyembamba ikatoka yote, akampa Sweta. Mtoto akamtazama mama yake kwanza. Mama akaitikia kwa kichwa. Sweta akalila lote, akalamba vidole, akakaa akifikiri.

"Mwalimu, lipo lingine?"

Hatukuwahi kumsikia akiomba kitu. Bi Shwari hakuwa nalo. Akasimama, akavuka upande wangu, akafungua mkoba wangu bila hata kuniomba, akarudi na mkate wangu wote.